Nkambo Séraphin ku bibliyoteki

Baba Jessica,

Bukari iko ndani ya sufuria, nimeifunika. Mboga ya sombe uipashe moto. Maji ya ndoo nyeupe ni ya kunywa, usioge nayo tena! Miye niko sokoni na Jessica mpaka mangaribi.

Sasa sikia, maana kichwa kinanizunguka. Asubuhi nilimupeleka mutoto bibliyoteki, mara yake ya kwanza, kwenye saa ya hadithi. Mama mwenye kuchunga vitabu akasikia jina letu, akauliza: «Nkambo Séraphin leo hakuje?» Nikamujibu: «Baba mukwe? Kila Samedi, siku ya posho, anaendaka Kakontwe kuona wenzake wa kazi ya zamani.» Akacheka. Kumbe baba yako anaikaa pale kwenye mukeka, katikati ya batoto wa miaka sita, anajifunza nao kusoma!

Na ile Biblia anayotusomea kila siku ya Mungu? Aliishika yote kwa kichwa? Weye ulijua? Juu ya nini atufiche sisi? Sijue nicheke ao nilie.

Akirudi, umuulize... Hapana, hiyo nimeikata. Usimuulize kitu. Umupe chakula tu, na hii karatasi uifiche.

Ao uiache. Papa Séraphin, kama ni ninyi mumefika wa kwanza na mumesoma mpaka hapa: kile kitabu cha mbuzi mwenye viatu, wanasema munakipenda kupita vyote. Nimekiazima. Kiko kitandani kwenu.

Mama Jessica, mukamwana wenu