Wifi amelichemsha sweta langu

Shoga, uko hapo?

Wifi ameliua sweta langu. Lile la sufu alilonifumia mama kabla hajapofuka.

Nililifua, nikalitandaza juu ya taulo mezani likauke taratibu. Narudi kutoka kazini, meza tupu. Namuuliza liko wapi, ananijibu bila kugeuka: "Lilikuwa bado linanuka, nikalichemsha."

Nikalichemsha. Kama viazi.

Limekuwa gumu kama zulia, mikono haifiki kiwiko. Namwambia sufu huoshwa kwa maji baridi, haikamuliwi. Anacheka. "Nguo gani inaogopa maji, kwani ni sukari?" Kisha anamvalisha mwanawe wa miaka minne mbele ya macho yangu. "Ona, limempata mwenyewe."

Na mume wangu yuko pale pale, kaikodolea macho simu. "Si mama yako atakufumia jingine."

Mama yangu. Asiyeona hata kijiko.

Nikamgeukia wifi. Nikamwambia kesho mama anakuja, na kila akija hunipapasa mabegani alitafute sweta lake. Kwa hiyo mtoto asilivue. Atampakata, atalipapasa, na wewe ndiye utakayemweleza.

Hapo ndipo alipoacha kucheka.