Kimya Changu Si Idhini

Langley Park, Maryland

Dada yangu Zuhura,

Pokea salamu zangu kabla ya mengine yote, nawe uniambie za hapo. Goti la mama linasemaje? Mvua zimeshika, na uwele umefika kiasi gani? Wanao bado wanakohoa? Mimi nipo. Mwili hauna ugonjwa wa kuutaja, ila kifua kimejaa vumbi, na theluji ya juzi imegeuka barafu, kwa hiyo natembea kama mtu aliyebeba mayai.

Barua hii nimempa mama mmoja wa Singida anayekuja huko kumwona mgonjwa wake. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu yako kila mtu hapo nyumbani huishika, na haya nataka uyasome peke yako. Ukimaliza ichome au ifiche, utakavyoona.

Kazi ni ile ile. Alfajiri gari la bosi linatupitia, tunakwenda kufunga jipsamu kwenye nyumba mpya, kisha tunaipiga msasa mpaka nyusi zinakuwa nyeupe. Bosi, mtu wa El Salvador, ananiita babu kwa ajili ya vumbi hilo. Jioni narudi chumbani, tunalala wanaume wanne, godoro langu liko chini ya dirisha. Nje barabara imechimbuliwa wanajenga reli, mabasi yanajaa mpaka mlangoni. Ndani hakuna mlango unaoweza kuufunga ukawa peke yako, isipokuwa wa choo, na huo nao mtu anaugonga. Karatasi bado sina. Nikitoka nchi hii siingii tena, na nisipotoka siwaoni. Hayo unayajua. Usiyoyajua ndiyo nayaleta.

Kaka Bakari alinipigia kunipongeza kwamba posa yangu imekubaliwa kwa kina Salma, yule binti anayefundisha chekechea. Dada, mimi sikutuma posa yoyote. Nikasema, "Kaka, mimi siwezi kuja huko."

Akacheka. "Nani amekuita? Unanipa uwakala, napokea ndoa kwa niaba yako, mke anakaa na mama mpaka Mungu akufungulie."

Akaeleza kwamba shehe anataka kunisikia nikitamka mwenyewe kwa simu, na kando yangu awepo mtu anayenijua tangu utotoni, athibitishe kuwa aliyesema ni mimi. "Na huyo nimeshakutafutia," akasema kwa furaha. "Issa yuko hukohuko, upande wa Virginia. Namba nimeipata kwa shangazi yake. Ugomvi wenu ni wa zamani, sasa patanieni kwenye jambo la heri."

Kaka hakukusudia ubaya. Anaamini mpaka leo kwamba mimi na Issa tuligombania teo la kufukuzia ndege.

Wewe unajua hatukugombania teo. Mwaka ule tulipopiga kura mara ya kwanza, tukiamia ndege shambani, wewe ndiye uliyepanda dungu kutuletea uji, ukatukuta tumekumbatiana kama watu wanaopendana. Uliweka kibuyu chini, ukashuka. Hukusema neno mpaka leo, nami sikukuuliza. Baada ya mavuno Issa akaondoka Kondoa bila kuniaga, nikabaki na hasira iliyokuja na mimi mpaka Amerika.

Ijumaa iliyopangwa Issa akaja. Siku hizi anatengeneza kompyuta kwenye ofisi moja huko Falls Church, ana koti zuri na upara mdogo. Kwa kuwa mchana wa huku ni usiku wa huko, niliomba ruhusa, nilikuwa ndiyo nimetoka kazini, sijanawa. Akanitazama kichwani.

"Samahani, mzee," akasema. "Nimemfuata Ramadhani, naona wamenitolea babu yake."

Nilikuwa nimejiandaa kumfungia mlango. Nikacheka, na mlango ukabaki wazi. Tulishikana mikono kama watu wa msibani, hatukuachiana upesi.

Papa Dede, Mkongo ninayeishi naye, alikuwa jikoni. Akachungulia. "Bwana arusi! Huyu ndiye shahidi? Mbona iko analia?"

"Ni kitunguu," Issa akasema.

"Kitunguu gani? Miye nakaangaka samaki!"

Ndipo simu ikaita. Kaka aliiweka sauti ya juu, nikasikia nyumba nzima imejaa, hata wewe nilikusikia ukiwatuliza watoto. Kaka akanitajia maneno ya kusema: nimekupa wewe Bakari uwakala unipokelee ndoa ya Salma. Mdomo ulifunguka, sauti haikutoka. Shangazi yetu akakatiza vigelegele vyake, akapaza sauti, "Koo la bwana harusi limekauka, mpeni maji!" Watu wakacheka. Kisha nikamsikia mama, polepole, kama anamwamsha mtoto: "Rama, mwanangu, sema tu."

Nikanyamaza. Issa akanitazama, akaitoa simu mkononi mwangu, akaizima. Akamwandikia kaka kwamba mtandao umekata. Kaka akajibu hakuna neno, tutarudia Ijumaa ya mwisho kabla ya mfungo. Ndivyo mlivyoambiwa hapo. Mtandao haukukata, dada.

Hatukuwa na pa kukaa ila kwenye gari lake. Tukaingia barabara kuu inayouzunguka mji, foleni imeganda, vioo vimeingia ukungu. Niliona kama tumepanda dungu tena. Nikamuuliza kwa nini hakuniaga.

"Muulize mama yako."

"Mama anaingiaje?"

Akasema mama alimfuata kwao na kuku wa njia, amemchemsha na kumfunga vizuri kwenye kitambaa. Akamwita mwanangu. Akamwambia aende mbali na asiniandikie kamwe, kwa sababu watu wakijua watatuua wote wawili. "Alilia kunizidi mimi," Issa akasema. "Ningemkatalia vipi? Yule mama amenilisha tangu sina meno."

Kwa hiyo mama alijua; alijuaje, sikuulizi. Miaka yote nilidhani namficha yeye, kumbe yeye ndiye anayenificha mimi. Na harusi hii, hata kama mdomo ni wa kaka, ni mama anaendelea kunificha. Siwezi kumkasirikia. Ila nahisi kama mtu aliyefunikwa blanketi mpaka usoni na anayempenda.

Issa akasema nihamie kwake. "Nina chumba. Kina mlango."

"Watu wetu watasema."

"Watasema umehamia kwa rafiki yako."

"Wataifikisha nyumbani."

Magari yakasogea kidogo, naye akasogea. Kisha akasema, "Rama, mama yako alinifukuza kwa upole, nikaondoka. Wewe ukitaka kunifukuza, nifukuze kwa sauti. Lakini Ijumaa hiyo sitakaa kando yako kushuhudia. Na mtandao siukati tena." Mkono wake ulikuwa juu ya goti langu wakati anasema hivyo, nami niliushika mpaka wa nyuma wakatupigia honi.

Hapa hakuna sheria ya kunifunga kwa jambo hili, lakini nimefungwa na watu ninaowapenda, na hao hawana dirisha. Nikikubali, Salma atakaa kwa mama akimngoja mume asiyeweza kuja, na hata akija hatakuwa mume. Nikikataa, kaka ataaibika mbele ya shehe na wakwe. Nikieleza sababu, sina nyumbani tena.

Basi nakuomba mawili. Nenda kwa Salma kabla ya Ijumaa hiyo. Walisema alipoulizwa aliinama akanyamaza, wakahesabu ameridhia. Muulize wewe, mkiwa jikoni, umpe nafasi ya kujibu kwa mdomo. Mwambie sina kosa naye wala yeye hana na mimi. Yupo mtu niliyempenda kabla sijasikia jina la Salma. Jina la mtu huyo usimtajie. Kaka naye usimweleze.

La pili, siku hiyo kaa karibu na simu. Nitajaribu kusema hapana. Nimejaribu kazini, nikiwa peke yangu na ukuta, na inatoka. Lakini mama akisema tena "sema tu", sijui kama itatoka. Ikishindikana, usiwaache waseme mtandao. Simama wewe, dada, useme: hajakata simu, amekataa. Binti akinyamaza wanasema amekubali. Mimi si binti, na kimya changu si idhini.

Nisalimie shemeji, mumeo, umwambie viatu alivyoniomba ninavyo. Nisalimie shangazi mwenye vigelegele, na kaka, ambaye nampenda hata leo. Wabusu wanao, hasa huyo wa mwisho ambaye sijamwona.

Na mama. Mkiwa wawili tu, mwambie Issa anamsalimu. Mwambie ni mzima, na kwamba kuku yule wa njia alishindwa kumla peke yake.

Ni mimi mdogo wako, ambaye godoro nimelikunja lakini bado liko chini ya dirisha,

Ramadhani