Makaa Chini ya Majivu

Chanzuru, 3 Novemba 1997

Mwanangu Lea,

Hujambo? Masomo yanaendaje? Huku tunapumua, ila baba yako anapumua kwa kukopa. Akipanda kutoka kisimani kifua kinambana, anakaa chini njiani. Usiku analala ameegemea ukuta. Nikitaja hospitali anasema, "Shamba la mkonge limefungwa, mimi Makarius sijafungwa." Mwanamume jiwe huyu! Wewe unayesomea uganga hapo Mikumi, mweleze moyo ukikosa hewa unakuwaje. Wewe anakusikia.

Mama yako,
Filomena

Mikumi, 9 Novemba 1997

Mama, shikamoo. Baba naye, shikamoo. Mimi mzima, mitihani tu inatunyoosha.

Msomee Baba hivi. Ndani ya kila seli ya moyo kuna majiko madogo, yanaitwa mitokondria. Nguvu ya moyo kupiga inatoka humo. Oksijeni ikipungua, seli inahisi yenyewe, haingoji kuambiwa. Inapunguza kazi na kubana majiko yasije yakaharibika. Ni kama wewe Mama unavyofukia makaa kwa majivu jioni, asubuhi usiombe moto kwa jirani. Moyo wa Baba sasa unajilinda hivyo. Aje huku daktari amwone.

Mwanao,
Lea

Chanzuru, 18 Novemba 1997

Lea mama,

Salamu nyingi. Wee, barua yako imeleta sherehe! Baba yako anamsomea kila apitaye, mpaka jirani yetu mzee Optatus kaikariri. "Moyo wangu umejifukia," anasema, "una akili kuliko madaktari." Atakuja Mikumi, lakini tumalize kwanza kupanda mpunga. Nami nimetua mzigo, jana nimelala usingizi wa kweli.

Mama yako

Mikumi, 25 Novemba 1997

Mama, shikamoo.

Hapana, Mama, hapana! Nilisema nusu. Wewe mwenyewe unajua makaa ya majivuni yanafika asubuhi, hayafiki masika. Majivu hayaongezi kuni. Seli ikikosa hewa muda mrefu, majiko yenyewe yanaharibika, na seli ya moyo ikishakufa haioti nyingine. Achaneni na mpunga, nakuomba. Mpandishe basi, akilia akicheka. Mimi nitampokea stendi. Barua hii nampa kondakta mkononi, naogopa hii mvua.

Mwanao,
Lea

Chanzuru, 20 Januari 1998

Mwanangu Lea,

Hujambo? Sisi, siwezi kusema hatujambo.

Barua yako ya Novemba imefika jana, imelowa. Mvua imekula barabara, reli nayo imening'inia hewani, hakuna aliyetoka wala aliyeingia. Baba yako tumemzika Jumatatu ya wiki iliyopita. Nilimtuma mtu kwa miguu akuletee habari, akarudi, maji yalimfika shingoni. Nisamehe, mwanangu, umezikiwa baba hujui.

Mpunga alimaliza kuupanda. Jioni ile alikula vizuri, akanitania kwamba ninafukia moto kama seli. Asubuhi nikafukua majivu, makaa mekundu kabisa, nikapika uji wake. Nikamwita. Nikamwita tena, nikidhani ananifanyia mzaha wake.

Usijilaumu. Ulisema aje, mimi ndiye nilisikia kile nilichotaka kusikia.

Tangu siku hiyo sijafukia moto tena. Jioni ninauacha uzime, asubuhi nakwenda kuomba moto kwa jirani, mama Gaudiosa.

Mama yako,
Filomena