Kwa Baba, Kuhusu Kituo cha Tatu

Mpendwa baba,

Shikamoo. Mama akisikia nimekuandikia barua miaka miwili baada ya kukuzika, atasema nimesoma mpaka nimepitiliza. Aseme tu. Kuna jambo nilipaswa kukuambia ukiwa hai, umekaa nje pale kijijini kwetu Daudi unachambua maharage, nikashindwa. Ni lile la kituo cha tatu. Nilikosea mimi, ukabeba wewe, na mpaka tunakufukia sikufungua mdomo. Naiandika barua hii wazi, wasome na wengine, kwa sababu nawe ulibeba mbele ya watu.

Ulikuwa karani wa utafiti kwenye shamba la ngano la serikali, kule uwandani chini ya Mlima Hanang. Kila mwaka masuke yakianza kukauka, walikuja watafiti kutoka Arusha, Morogoro na ng'ambo kwa mkutano wa siku tatu, na mwandaaji ulikuwa wewe. Nilipomaliza chuo cha uhazili ukaniombea kazi ya kupiga chapa. Asubuhi ya kwanza ukanikalisha ukaniambia, "Nyumbani mimi ni baba yako. Hapa mimi ni karani, wewe ni katibu. Usije ukaniita baba mbele ya Meneja." Haikufika saa nne nikakuita baba mbele ya Meneja. Ulicheka mpaka ukavua miwani.

Chuoni walinifundisha kupiga ratiba bila kosa. Mkutano wenyewe nilifundishwa na wewe. Nakumbuka ulivyotembea kutoka Landrova zinapoegeshwa mpaka kwenye vitalu vya majaribio, saa yako mkononi, kwanza kwa mwendo wako, halafu ukarudia mikono ikiwa nyuma na tumbo mbele, unasimama kila hatua ya tatu kuushangaa mche wa ngano. Mimi nilikuwa nimeandika dakika kumi, wewe ukafuta ukaandika ishirini na tano. "Profesa hatembei," ukaniambia. "Anajadiliana." Chai uliiweka kabla ya hotuba ya mgeni rasmi, maana ulisema wakiwa na njaa watampigia makofi kabla hajamaliza. Uliokota mawe ya kukandamiza karatasi kila meza, kwa ule upepo wa uwandani usio na adabu, ukayaosha kwa sabuni kama vyombo vya wageni.

Na yule daktari kijana wa mbegu, unamkumbuka? Alimpita mlinzi wetu mzee getini bila salamu. Ulimfuata na beji yake mkononi, ukamwambia kwa upole, "Daktari, hii nitakupa ukishamwamkia mzee." Alirudi. Akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba, ndipo ukambandika jina lake kifuani. Nilitamani ardhi inimeze, baba, kumbe siku ya mwisho ni yeye aliyekuja kukuaga kwanza.

Sasa kituo cha tatu. Mwaka ule ulikwenda Katesh kutafuta vyumba vya wageni, ukaniachia kazi ya kupigilia mambo za vituo, vile vigingi vyenye namba, shambani, mahali wageni watakaposimama kuelezwa. Uliniagiza jambo moja: "Kabla hujapigilia mambo hata moja, mtafute mwenyeji umuulize." Ulikuwa na maana ya familia za Wabarbaig zilizobaki pembezoni na ng'ombe wao baada ya uwanda kugeuzwa shamba. Ulikuwa ukifanya hivyo kila mwaka. Meneja alikuona unapoteza muda na petroli.

Mimi sikwenda. Jua lilikuwa kali, boma lenyewe liko mbali, nami nilijiona msomi. Katikati ya ngano nikakuta kichuguu kipana cha udongo ambacho matrekta yalikizunguka. Ukisimama juu yake uliona vitalu vyote. Pale juu palikuwa na majani mabichi, yamelazwa vizuri, wakati uwanda mzima ulikuwa umekauka. Baba, nilijua. Sisi watu wa Mbulu tumekua tukisikia kwamba Wabarbaig humzika mzee wao wa heshima na kumjengea kilima, na watoto wake huja kumwekea majani. Nilijua, nikajiambia labda siyo. Nikayakusanya yale majani nikayatupa kando, nikapigilia mambo namba tatu. Kwenye ratiba nikaandika: Kituo cha tatu, mahali pa kutazamia vitalu vyote.

Siku moja kabla ya mkutano Mzee Gidamanja wa lile boma akaingia ofisini na fimbo yake. Ulisimama ukamwamkia, ukampa kiti chako. Hakukaa. Alitoa ile mambo ndani ya shuka yake akaiweka juu ya meza.

"Karani, hii nimetoa kichwani kwa baba yangu. Kesho wageni yako watasimama juu yake?"

Ukaitazama namba. Ukamwomba radhi, ukamwambia hakuna atakayesimama pale.

"Na majani, nani alitoa?"

Hukunigeukia. Mimi niliikodolea macho taipureta kana kwamba ndiyo iliyoulizwa. Ulichukua kofia yako ukatoka naye, mkaenda kwa miguu mpaka kule shambani, na mliporudi ulikuwa na udongo kwenye kucha. Ukaenda moja kwa moja kwa Meneja, nami nikakufuata na faili.

Meneja alisema ratiba imeshakwenda kwa mgeni rasmi na haibadiliki. Akauliza, "Nani aliyechagua mahali pale?"

"Mimi," ukasema.

Nilikuwa hatua mbili nyuma yako. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Nilikuwa na miezi mitano tu kazini na niliogopa kurudishwa Daudi na cheti changu. Hiyo ndiyo sababu, baba, sina nyingine ya kuipamba.

Ulirudi ofisini ukaniambia niweke stensili mpya. Hukumwomba mtu ruhusa. Tulirudufu ratiba zote upya, wewe ukizungusha mashine, mimi nikibana kurasa, mpaka wino ukatuingia puani. Kituo cha tatu ukakihamishia kwenye tela la trekta, ukalifungia ngazi ya mbao ili maprofesa wapande. Kesho yake walipanda wakifurahi kama watoto. Mzee Gidamanja alikaa na wanawe kando ya kilima chao, na hakuna kiatu kilichosogea pale. Mkutano ule ulikuwa mzuri kuliko yote uliyowahi kuandaa.

Wiki iliyofuata ukahamishiwa stoo ya vipuri. Kazi ya mikutano nikapewa mimi.

Ulikaa stoo mpaka ukastaafu, ukihesabu fani belti, wewe uliyependa watu kiasi kile. Nami kazi ile ilinifikisha Arusha, kwenye ofisi yenye zulia, nikiandaa mikutano ya watafiti na kusifiwa kwa mambo niliyoyaiba kwako. Kila nilipokuja likizo nilipanda gari la Dongobesh linalopita kwetu, nikijiambia leo namwambia. Nikifika, wewe unanipokea mzigo, unaulizia chai kama iliwahi na wageni kama walilala vizuri, nami najibu hayo. Kuna jioni moja uliniuliza, "Mwanangu, huna neno lingine?" Nikasema sina.

Mwezi huu nimetumwa tena kule uwandani. Wanasema mashamba yatauzwa, mashine nyingi zimesimama zinaota kutu, na huenda mkutano wa mwaka huu ukawa wa mwisho. Kabla ya kugusa chochote nilikwenda kwa mwenyeji. Mzee Gidamanja bado yupo. Macho yamekwisha nguvu, sauti ile ile.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ni nani?"

"Binti wa karani."

Aliwaita wake zake. Wakaniletea maziwa kwenye kibuyu, na nilipomaliza kunywa nikapiga magoti nikamwambia: majani niliyatoa mimi. Baba hakujua lolote.

"Karani alijua," akasema.

Nikadhani hajanisikia vizuri. Akaendelea polepole. "Siku ile tulifika kaburini na yeye. Tukaona vitundu kwenye udongo, vidogo vidogo, vya ile viatu yenu ya mchuchumio. Hapa shambani nani alikuwa anavaa hiyo? Moja tu. Baba yako alikaa chini, akaziba vitundu vyote kwa mkono yake. Akaniambia, mzee, usimseme huyu mtoto. Atasema mwenyewe."

Sikuweza kuinua uso.

"Halafu kila akipita hapa mimi namuuliza. Karani, yule mtoto amesema? Ananiambia, bado. Mwaka mwingine namuuliza tena. Bado. Mara ya mwisho alikuja na fimbo, anakohoa. Sikutaka kumuuliza. Akaniambia mwenyewe: Gidamanja, bado."

Baba, nililia mbele ya wake zake na wajukuu zake, na yule mzee akaniacha nilie, hakunibembeleza, akasema tu kwamba yeye alishasamehe zamani, ila aliyekuwa akingoja hakuwa yeye.

Ni mimi, baba. Niliyatoa mimi, na nilijua ni kaburi. Nimesema.

Binti yako