Litungu Walilochukua Si la Babu Yako

Marwa mwanangu, baba yangu,

Nakuita baba kwa sababu jina ulilonalo ni la baba mkwe wangu, na huko Dar es Salaam pengine hakuna anayekuita hivyo. Huku tu wazima. Mvua imenyesha ovyo lakini mtama umesimama. Ng'ombe mwenye doa amezaa jike. Baba yako kapeleka wengine Mbalibali kwa wajomba zako kutafuta majani, kwa hiyo nipo na mama yako mdogo Nyangi na kelele zake.

Andiko hili ni langu, sikumtuma mtu. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima alisema mbele ya darasa zima kwamba herufi zangu mimi Bhoke zimesimama kama watu walioshiba. Nyangi alikuwepo, akasikia vizuri, akajifanya anakohoa. Barua nimeishonea ndani ya mfuko wa karanga, na mfuko nimeufunga kwa fundo langu lile unalolijua. Ukikuta fundo la namna nyingine, niandikie haraka jina la aliyekuletea.

Jambo lenyewe ni hili. Litungu alilolichukua Bwana Utamaduni wa serikali hapa kwangu, zeze lile utakalopewa ulipige Musoma siku ya sherehe mbele ya wageni, si la babu yako. Ni lile ulilolitengeneza mwenyewe ulipokuwa unachunga ndama.

Usicheke kwanza. Ngoja nikueleze lilivyokwenda.

Unakumbuka ulivyolitengeneza? Ulichukua kipande cha mzinga wa nyuki uliopasuka, ukakiwamba ngozi ya mbuzi mchanga aliyekufa kwa kuhara. Nyuzi ndizo zilikushinda. Litungu hufungwa mishipa ya ng'ombe, na mishipa wewe nani angekupa? Ukaenda kwenye baiskeli ya mwalimu, ukachomoa waya wa breki, ukaufumua uzi mmoja mmoja, ukafunga. Mwalimu naye hajui hili wala lile, akateremka na baiskeli yake kuelekea mtoni, akaenda kusimamia kwenye migomba ya watu. Alikuja kwetu anachechemea, shati limejaa utomvu, nami nikakutoa ulikojificha.

"Mama Marwa, huyu mtoto wako ataniua."

Nikamwambia, "Mwalimu, pole sana, lakini kaa kidogo umsikie anavyolipiga."

Akakaa. Ulipomaliza alikuwa amesahau mguu upi ndio unamuuma. Mimi nimezaa watoto, na watu wengine nao wamezaa, siwasemi vibaya, lakini sijaona mtoto mwingine aliyemwibia mwalimu wake breki na mwalimu huyohuyo akapiga makofi.

Siku hiyo ndipo uliponiimba mara ya kwanza. Huko mjini siku hizi labda imebidi usahau, kwa hiyo nakukumbusha: kwetu mpiga litungu anaimba watu. Mtu akiingia uani anawekwa ndani ya wimbo hapohapo, na ukoo wake, na ng'ombe wake, na kama ni mchoyo anawekwa na uchoyo wake. Babu yako alikwenda mpaka Nyamongo kuwapigia wachimba dhahabu. Wengine walimpa kuku ili watajwe, na wengine walimpa mbuzi ili wasitajwe. Nawe siku ile ukafumba macho ukasema Bhoke wa Mbalibali, mwenye ng'ombe mwenye doa, uji wake haujawahi kuungua.

Nyangi akasema, "Uliungua jana."

Ukamgeukia ukamweka na yeye. Sitarudia ulivyomweka, ila mpaka leo mtu akitaja jina lako anashika pua.

Babu yako alicheka akalia. Kabla hajafa akakupa litungu lake mwenyewe, lile alilokuwa analipaka samli kila mwezi ukiandama, mti wake unang'aa kama umechongwa juzi. Lako la waya ukalitundika jikoni juu ya mafiga, na huko limekula moshi miaka yote, limekuwa jeusi tititi. Hata tulipohamishwa kuja kijijini hapa barabarani, na wengi wakaacha nusu ya vitu vyao kule kilimani, yote mawili niliyabeba mimi. La babu yako mgongoni, lako kichwani.

Kisha serikali ikaanza kutupenda. Ikaja lori na ngoma mpya, ngozi za kuwamba, vitenge vya sare kwa wanawake wote wa kikundi. Na kijana yule mwembamba, Bwana Utamaduni, akapanda juu ya lori akasema sasa serikali itautunza utamaduni wetu. Mimi nikauliza, "Kwani unaumwa?" Watu wakacheka, na yeye akacheka, akaandika kitu. Sikupenda alivyoandika. Waliokuja kabla yake walikuwa wanaandika ng'ombe wetu, na tunajua walipokwenda ng'ombe walioandikwa. Huyu anaandika nyimbo.

Sikatai, vitenge vilikuwa vizuri, mimi changu ninacho mpaka leo, na ngoma zile ni imara. Lakini baada ya hapo kila mgeni akija Tarime tunaitwa. Tuko shambani jembe mkononi, balozi wa nyumba kumi anakuja anakimbia, "Akina mama, vaeni sare, mgeni anapita." Tunasimama barabarani kutwa. Gari linapita na vumbi, tunalichezea vumbi. Zamani tulicheza mtu akioa, mavuno yakiwa mazuri, watoto wakitoka jando. Sasa tunacheza gari.

Halafu wakakuchukua wewe, ukapige huko Dar es Salaam. Usifikiri nilikasirika. Nilizunguka soko la Tarime siku nzima bila kununua kitu, nawaambia tu watu kwamba mwanangu anakula kwa serikali, analala kwa serikali, anapiga litungu basi. Mama mmoja muuza dagaa akaniuliza, "Na serikali inapata nini?" Nilimwambia dagaa wake wana mchanga, nikaondoka, lakini swali nilirudi nalo nyumbani.

Ukaahidiwa vyombo vya huko mjini, ukaniambia litungu la babu libaki kwanza mpaka uone maisha ya huko. Uliniambia hapa mlangoni, ukiwa umeshika mfuko wako. Maneno yako yalikuwa, "Mama, usimpe mtu. Nitalifuata mwenyewe." Unakumbuka? Mimi ninakumbuka.

Baadaye tukakusikia redioni, pale duka la kijiji. Niliwaita watu wote. Nyangi alikuja na kigoda chake. Ukapiga ule wimbo wa babu yako wa fahali aliyevuka mto, vidole ni vyako, hata kukohoa kabla ya kuanza ni kwako. Nikakaa nasubiri utaje mtu. Ukataja mbolea. Nikasubiri tena. Ukataja pamba, na palizi ya wakati. Wimbo ukaisha, akaja mtu anasoma habari.

Nyangi akasema, "Mbona hakukutaja?"

"Muda ulikuwa mfupi," nikamwambia.

"Mbolea imetajwa mara nyingi."

Huyo mwanamke ipo siku.

Basi, mwezi uliopita Bwana Utamaduni akarudi na gari. "Shikamoo mama." "Marahaba." Akakaa, akala ugali wangu, akausifu, na mtu wa serikali akisifu ugali mimi huangalia mlango. Akasema wamefuata litungu la mzee Marwa. Utalipiga Musoma kwenye sherehe, kisha litawekwa kwenye nyumba ya kumbukumbu wageni walione, serikali italitunza, halitaliwa na mchwa. Akasema, "Marwa mwenyewe amekubali."

"Amekubali kwa maneno gani?"

"Amekubali tu, mama."

"Mwanangu hajawahi kukubali tu. Tangu ananyonya hajakubali tu."

Akatabasamu, akainua macho, akaona lile jeusi limening'inia juu ya mafiga. Akasimama kabisa. "Lo, ndilo hili. Hili ni la kale sana. Tazama mti ulivyokuwa mweusi." Na la babu yako liko palepale kwenye kona limeegemea ukuta, linang'aa na samli yake. Akaligusa kidogo. "Na hili jipya?"

Nikasema, "Hilo ndilo analopiga Marwa akiwa nyumbani."

Niambie uongo uko wapi. Jeusi alilichagua mwenyewe. Mimi nilisonga ugali wangu.

Nyangi alikuwa mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu tuolewe boma moja alinyamaza. Nilimpenda siku ile, usimwambie.

Sasa kuna kitu kimoja, na hiki ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Wakati wa kulipakia, yule kijana alipitisha kidole gumba kwenye nyuzi. Zikalia kama baiskeli. Akalisogeza kwenye mwanga, akaangalia waya, akauvuta mmoja, akaniangalia mimi. Nilijua yamekwisha. Alivua sweta lake, la sufu, zuri, akalivingirisha lile litungu kama anafunika mtoto. Dereva akamuuliza, "Ndilo lenyewe?" Akasema, "Ndilo." Kisha akanigeukia. "Mama, na lile jipya litunze vizuri. Mvua zinakuja."

Tangu siku hiyo sijatulia. Angekuwa mjinga ningemwelewa. Angekuwa mwizi ningemwelewa zaidi. Lakini mtu wa serikali anayejua, akanyamaza, akaacha na sweta lake, huyo anataka nini? Nyangi anasema labda naye alikuwa na babu. Mimi nasema labda anataka kukuaibisha mbele ya wakubwa zake, au anataka nijisahau aje achukue la kweli nikiwa shambani. Kwa hiyo nimelihamisha. Mahali lilipo siandiki. Liko pale ulipojificha siku ile ya mwalimu, wewe unapajua na mimi napajua, na Nyangi anadhani anapajua.

Naandika usije ukashituka. Watakupa litungu jeusi mbele ya wageni na watasema ni la kale. Usilitazame kwa mshangao wala usitafute uso wangu. Kaa kwenye kigoda, vaa pete ya kidole cha mguu ya kugongea mdundo, lifunge nyuzi zake vizuri maana zimepata kutu, kisha lipige. Wewe uliyemkalisha mwalimu chini kwa waya wa breki yake huwezi kushindwa na wageni. Mimi nimewaambia watu wote wa basi.

Ndiyo, nimesema basi. Nitakuja. Nimeshazungumza na kondakta, na kitenge cha serikali nimekifua. Nitasimama na wanawake wa sare, na kwa vile tuko wengi na sote tumefanana, hutanijua kwa macho.

Ndipo nitakapolijua lile ambalo Bwana Utamaduni hakuweza kuniambia, kama kweli ulikubali. Wapigie mbolea yao, wapigie pamba, wamekulisha, sikukatazi. Lakini katikati, popote utakapopata upenyo, niweke. Neno moja linatosha. Ukiniweka, nitajua bado wewe ni wa kwetu, na jioni hiyohiyo tutarudi wote nyumbani, nikutolee la babu yako kwa mikono yangu, ukalipige Dar es Salaam au mwezini, shauri yako. Usiponiweka, nitapiga makofi kama wengine, nitapanda basi langu, na litungu litabaki lilipo na samli yake mpaka atokee mtoto anayeimba watu.

Karanga nyingine wape wenzako. Zile kubwa za chini kula mwenyewe.

Mimi mama yako,
mwenye ng'ombe mwenye doa.