Vidole Viwili vya Mama

Mkomaindo,
Masasi.
14 Juni 2024

Mpendwa kaka Alfredi,

Shikamoo. Habari za huko Dodoma? Wifi Grace na watoto hawajambo? Sisi tupo. Mama anaendelea vizuri, ingawa si kwa msaada wako, na leo nitakwambia hivyo bila kumung'unya maneno.

Juzi ulipouliza kwenye simu, "Mlikuwa wapi hadi mama akakatwa vidole?" nilikata simu nisije nikakutukana. Jibu ni hili.

Mwaka jana kisukari kilipoanza kumtia ganzi miguuni, daktari alimpeleka kwa Bwana Uwesu, mtaalamu wa mazoezi tiba. Huyo alimfundisha kuinuka kitini bila kushika kitu, kusimama kwa vidole akiegemea ukuta, kutembea nusu saa kila asubuhi, kuvaa viatu hata jikoni, na kukagua nyayo zake kwa kioo. Miezi minne tu, sukari ikashuka. Mama akawa anakwenda sokoni kwa miguu.

Ukaja Krismasi. Ukamkuta uani akiinuka na kuketi, ukacheka mbele ya majirani.

"Mama, huyo si daktari, ni mkandaji tu. Umelima mikorosho maisha yako yote, sasa pumzika."

Nilipokupinga uliniambia ninyamaze, mimi mdogo. Mama akakutii kwa kuwa wewe ndiye kifungua mimba wake. Akakaa. Viatu akaviacha, na kioo pia.

Mwezi Machi alikanyaga kaa la moto jikoni. Hakuhisi kitu, kaka! Mimi ndiye niliyesikia harufu ya nyama ikiungua. Kidonda kikaoza, vidole viwili vikaondoka.

Nilidhani Bwana Uwesu atatufukuza. Hakutulaumu hata kwa neno moja. Alikuja wodini, akamshika mama mkono: "Tunaanza upya, mama. Leo ni kuketi kitandani tu." Jumapili iliyopita mama alitembea na fimbo hadi kanisani, akarudi jasho likimtoka, anacheka.

Sasa nasikia unakuja na gari kumchukua akapumzike kwako. Nilimuuliza mwenyewe. Aliendelea kuchambua kisamvu, kisha akasema, "Mwambie mwanangu asije kunibeba. Aje tutembee."

Ukija kwa lingine, mlango utaukuta umefungwa.

Msalimie wifi, na shangazi Veridiana. Mungu akufikishe salama, akupe na masikio.

Mdogo wako, akupendaye hata akiwa na hasira,
Oliva