Shaba Anabisha Hodi

Jumatatu, 4 Machi 1974

Nimepata! Bwana Ogutu, mhariri wa gazeti la katuni, aliniita ofisini kwake saa ya chakula cha mchana. Nilidhani nimeitiwa kugombezwa kwa sababu ya barua zangu. Nimemwandikia kumi na moja tangu nikiwa shule huko Bungoma — toleo la arobaini shujaa wetu Kimondo alivaa saa mkono wa kulia, mbona sasa iko kushoto? Mambo kama hayo. Kumbe zote ameziweka kwenye faili!

Akasema Mzee Zachariah, aliyemwandika Kimondo tangu toleo la kwanza, macho yamemshinda. Haoni tena herufi. “Na wewe, Bi Nakhumicha, unawajua hawa watu kuliko mimi. Utaweza?”

Nilisema nitaweza kabla hajafunga mdomo. Kimondo! Fundi saa anayepaa juu ya mawingu watu wakimlilia. Sasa maneno yake yatatoka kwangu mimi, karani wa kupiga taipu. Dada Lornah alicheka, halafu akauliza kama kazi ya ofisi naacha. Siachi. Nitaandika asubuhi kabla ya basi.

Jumanne, 12 Machi

Ukurasa mmoja. Kimondo anaongea kama chifu kwenye baraza. Nimeuchana.

Alhamisi, 14 Machi

Nimejua kasoro iko wapi. Kimondo hana wa kumjibu. Tangu Shaba atumbukie kwenye shimo la moto, toleo la themanini na nane, anaongea na hewa tu. Shaba, yule mwanamke wa ngozi ngumu ambaye risasi zilimgonga zikadunda! Nilikuwa darasa la saba. Nililia mpaka mwalimu akadhani nimefiwa. Miaka sita sasa na hakuna aliyemrudisha.

Nimemrudisha mimi. Mvua inanyesha, Kimondo yuko ndani na saa zake, mlango unabishwa. Ni yeye. Basi, toleo linaishia hapo. Maneno yalikuja yenyewe, nikakosa basi.

Jumatano, 20 Machi

Lazarus mchoraji amemaliza. Shaba amesimama mlangoni, maji yanamchuruzika. Nimemtazama mpaka Lazarus akaniuliza kama nataka kumwoa.

Alhamisi, 21 Machi

Balaa. Bwana Ogutu amerudi kutoka Kisumu, akaziona picha, akakaa chini polepole. Mzee Zachariah alituachia wahusika wote, ila aliomba jambo moja — Shaba asiguswe. Hakusema kwa nini.

“Ningekwambia,” akasema. “Lakini sikudhani kuna mtu bado anamkumbuka.”

Anamkumbuka! Nilitaka kupiga meza.

Gazeti linaenda kuchapwa Jumanne. Bwana Ogutu anasema ama tumfute Shaba, ama mtu aende kwa mzee, nyumbani kwake Mutuini, kuomba ruhusa. Nikasema nitaenda mwenyewe. Sijala.

Jumamosi, 23 Machi

Niandike yote kabla sijasahau.

Mvua. Matope mpaka magotini. Binti yake, Wangeci, alinizuia langoni. Baba hapokei watu wa gazeti. Nikamweleza nilichofanya, bila kuficha. Akasema Shaba ni mama yake. Kusimama kule, mkono kiunoni, kichwa kimeinama kidogo — ni mama. Alifariki mwaka wa sitini na nane. Toleo la shimo la moto, baba aliliandika wiki ya mazishi.

Nilitaka ardhi inimeze. Mimi na barua zangu za saa ya mkono! Nikageuka niondoke.

“Nani analia hapo kwa mvua?” Sauti kutoka ndani. Sikuwa nalia. Labda kidogo.

Mzee ni mdogo wa mwili, amevaa koti zito, macho yana ukungu mweupe. Nikaomba radhi. Akasema radhi baadaye, kwanza nisome. Nikasoma. Nilipofika pa Shaba, kikombe chake kikasimama njiani. Nikaendelea mpaka mwisho. Mvua tu juu ya mabati.

Halafu: “Amebisha mara ngapi?”

“Tatu, mzee.”

“Hapana. Huyo habishi mara tatu. Anabisha mara moja, halafu anakuita jina, kwa nguvu, majirani wasikie.” Akafikiri tena. “Na hiyo ‘samahani nimechelewa’, ondoa. Hajawahi kuomba samahani kwa kuchelewa. Atauliza kama kuna chai.”

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa. Wangeci akageukia ukuta.

“Rekebisha hayo,” mzee akasema, “halafu mwachilieni aingie kwa gazeti. Amenyeshewa vya kutosha.”

Nilishuka kwenda stendi nikiimba. Viatu mkononi. Mama mmoja wa mboga akanionea huruma, akadhani nina shida! Jamani, nimeshusha pumzi niliyoibana tangu Alhamisi.

Jumatatu, 25 Machi

Bwana Ogutu aliposikia, akafuta uso kwa leso, akaagiza chai ya watu wote. Lazarus anachora upya kisanduku kimoja cha picha. Nimekula sahani mbili.

Ijumaa, 5 Aprili

Limetoka! Nilisimama kwa muuza magazeti Tom Mboya Street kama mtu anayengoja mwenzake. Mwanamume mzima, tai shingoni, akafungua ukurasa wa mwisho akapiga kelele: “Shaba! Si niliwaambia?” Hakuna aliyekuwa amembishia. Nilitamani kumwambia ni mimi. Nikanunua nakala nne, nikaenda zangu.

Jumamosi, 6 Aprili

Mutuini tena. Naandika nikiwa hapa hapa kwa mzee, kwenye kigoda.

Nimemsomea lote. Akauliza, sasa Kimondo anafungua mlango? Nikasema ukweli — sijui. Nimejaribu mara tano. Kila akifungua, anasema upuuzi.

“Ngoja,” akasema. “Usiandike. Miaka sita nimejiambia huyu mtu haji tena. Ngoja kwanza nifikirie mtu anasema nini akifungua.”

Basi nangoja. Chai imepoa. Wangeci ameacha kumenya viazi, kisu kiko hewani. Mzee amesimama katikati ya nyumba, hana fimbo, amenyoosha mkono mbele kama anayetafuta komeo —